Eti mgongo haukupatikana!

Najua nimepotea. Tangu wiki ya test sijaandika hata mstari mmoja, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko au nimeolewa. Nipo jamani. Bado nahangaika na Kalkulasi, na bumu halijaingia (hiyo sio habari, ni sawa na kusema jua limechomoza). Leo nilipanga kuandika juu ya maandalizi ya TP, lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili na nisipokitoa sitasoma. TP itasubiri. Mwenye haraka apite, mwenye dakika kumi atafute kimbweta akae.

Ilikuwa hivi. Jumapili jioni tulikuwa watu sita vimbwetani, mihogo ya kukaanga mezani, stori za kawaida tu. Alikuwepo jamaa mmoja, rafiki wa rafiki, anasoma udaktari mwaka wa nne chuo kingine. Kijana safi, anaongea vizuri, nguo zimepigwa pasi mpaka unaona aibu. Sijui mazungumzo yalifikaje kwenye mambo ya uzazi, nadhani kuna mtu alitaja kitchen party ya wikiendi. Basi jamaa akashika kiti cha mhadhiri. Akasema, na ninamnukuu kwa kadiri ninavyokumbuka, kwamba akina mama wanene wanawatesa madaktari bure. Unataka kumpa ganzi ya mgongo, unachoma, unakutana na mafuta tu. Mgongo huuoni. "Sasa daktari afanyeje? Wapungue kwanza."

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe sio kimbaombao, mnanijua, kwa hiyo wawili watatu wakanitupia jicho kuona kama nitarusha neno. Sikurusha. Nilinyamaza, jambo ambalo halijawahi kunitokea kimbwetani tangu mwaka wa kwanza, halafu nikaaga kwamba nina assignment. Nilikuwa nimeikumbuka sentensi ile ile, nimeisikia miaka mitatu iliyopita kwenye korido ya hospitali moja hapa Dar, siitaji. Daktari alitoka akamwambia shemeji yangu: "Mgongo haukupatikana kwa sababu ya unene."

Mgongo haukupatikana! Kama vile ni funguo imedondoka mchangani.

Dada yangu mkubwa ana mgongo. Nimeubeba mwenyewe tulipokuwa tunacheza kibaba utotoni, na yeye ameubebea mimi maji, na ndoo za wadogo zetu wote. Siku ile alikuwa na kilo 121 na mimba ya kwanza. Yeye na shemeji walikuwa wamechangisha hela kwa miezi ili ajifungulie mahali ambapo wanatoa epidurali, yaani ile ganzi ya mgongo ya kupunguza uchungu wakati wa leba, kwa sababu alikuwa anaogopa. Kuogopa sio kosa. Mtaalamu wa usingizi akaja usiku, akamkalisha pembeni ya kitanda, akamwambia ajikunje kama paka. Akaanza kupapasa. Akachoma. Akachomoa. Akachoma tena. Dada anasema alihesabu mara saba akaacha, maana uchungu ulikuwa unakuja kila dakika chache na anaambiwa asitikisike. Muuguzi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: "Chipsi zenyewe ndio hizi sasa." Karibu saa nzima, kisha wakaacha.

Akaendelea na uchungu bila ganzi. Alfajiri mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, wakakimbia theatre. Kule wakajaribu tena sindano ya mgongo, ile ya mara moja ya upasuaji, mara mbili, wapi. Mwisho wakampa nusu kaputi, na mpira wa hewa ulisumbua kuingia. Mtoto mzima, mama mzima, Mungu mkubwa. Dada aliongea kwa sauti ya mkwaruzo wiki nzima. Mgongoni alikuwa na matobo, bi mkubwa alikuwa anayakanda kwa maji ya moto huku analia kimya kimya.

Sasa sikieni kilichonifanya nisilale. Kwenye chumba kile cha leba, pembeni ya kitanda, palikuwa na mashine ya altrasaundi. Nusu saa kabla ya sindano ya kwanza walikuwa wameitumia kuangalia kichwa cha mtoto kimekaaje. Wakaifuta jeli, wakaisogeza pembeni kupisha mtu anayekuja kutafuta mgongo kwa vidole.

Kwa wale wa arts ngoja nieleze, maana hata mimi nilikuwa sijui, nimeyasoma baadaye kwa hasira. Mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili kuna upenyo. Mtaalamu anachagua upenyo mmoja wa kiunoni, anapitisha sindano kwenye ngozi, kwenye mafuta, kisha kano moja baada ya nyingine, mpaka afike kwenye nafasi nyembamba ya milimita chache iliyo nje ya utando unaofunika neva na maji yake. Hapo anaacha mrija mwembamba kama uzi, na dawa inapita humo kidogo kidogo. Mama yuko macho, anaongea, anasukuma, ila maumivu yamepungua. Sindano ikizidi milimita chache inatoboa utando, maji yanavuja, na mama anaweza kuumwa kichwa vibaya kwa siku kadhaa kila akiinuka. Ikipungua, dawa inaishia kwenye nyama.

Anajuaje amefika? Kwa mkono. Anasukuma bomba lenye maji ya chumvi: sindano ikiwa ndani ya kano, maji yanagoma, ikitokeza upande wa pili, yanaingia ghafla bila ubishi. Njia hiyo aliitangaza Mwitaliano Dogliotti miaka ya 1930, baada ya daktari wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés, kuandika habari za ganzi hii mwaka 1921. Ni njia nzuri na bado inatumika dunia nzima.

Na anajuaje pa kuanzia? Kwa mkono vilevile. Anashika mifupa ya nyonga kulia na kushoto, anachora kichwani mstari wa kuiunganisha (unaitwa mstari wa Tuffier, kwa jina la daktari wa Kifaransa), na pale unapokata mgongo anasema hii ni pingili ya nne ya kiuno au karibu na hapo. Kisha anapapasa nundu za mifupa katikati, anachagua upenyo. Kwa mtu mwembamba, raha mustarehe, nundu unaziona hata ukiwa dirishani. Kwa dada yangu, nyonga zimefunikwa, nundu zimefunikwa, na nyama ikilala upande inavuta ngozi, kwa hiyo mfereji unaouona katikati ya mgongo unaweza usiwe juu ya katikati ya mifupa. Yule mtaalamu hakuwa mzembe. Alikuwa anatafuta upenyo gizani.

Hapa naomba niweke kofia yangu ya hisabati maana ndio kazi nitakayolipwa kufundisha (inshallah). Chukua sindano imepinda nyuzi 10 tu, kosa dogo ambalo hata mimi na rula yangu ubaoni nalifanya. Kama nafasi unayoitafuta iko sentimita 4 ndani, ukifika utakuwa umekosea kwa milimita 7. Kama iko sentimita 8 ndani, kosa lile lile linakuwa milimita 14. Milimita 14 pembeni ya upenyo ni mfupa. Mama anaruka, daktari anachomoa, anaanza upya. Kwa watu wengi nafasi hiyo iko kati ya sentimita 4 na 6, kwa mnene inaweza kupita 8, na sindano ya kawaida yenyewe ina urefu wa sentimita 8 hadi 10 hivi. Kwa hiyo ukimwambia mtu "nilimchoma nikakutana na mafuta tu", umetoa maelezo ya kihisabati ya kwanini ulipaswa kujua kina na uelekeo kabla hujachoma. Haijawa kesi dhidi ya mama.

Na kina kinapimika! Hiki ndicho kinaniuma. Altrasaundi ni mwangwi, mada ile ile niliyoifundisha kidato cha pili TP iliyopita kwa mfano wa popo na kisima. Sauti ikigonga mfupa inarudi kwa nguvu, nyuma yake panabaki kivuli cheusi. Ikipita kwenye upenyo inaendelea ndani mpaka inagonga ule utando, inarudi, mashine inapiga hesabu ya muda na kukuambia: sentimita 7.6. Unatumia kile kichwa cha mashine kilichojipinda, cha masafa ya chini, kile kile cha kumwangalia mtoto tumboni, kwa sababu masafa ya chini yanafika mbali. Unakiweka mgongoni, unatafuta katikati, na ukiupata upenyo picha inafanana na popo amekunjua mbawa, kweli kabisa, ndivyo wanavyoiita kwenye masomo yao. Unachora alama kwenye ngozi kwa kalamu, unaandika kina, unafuta jeli, unachukua sindano. Wala huhitaji kushika mashine na sindano kwa pamoja. Mkono wa Dogliotti unabaki na kazi yake pale mwisho. Kilichoongezeka ni kwamba sasa unajua pa kuanzia, unaelekea wapi, na usitegemee kufika kabla ya sentimita ngapi.

Jamaa yetu wa kimbwetani alipopigiwa simu na rafiki yetu (nililazimisha, spika ikawa juu) alikuwa na jibu la kwanza: daktari mzoefu hahitaji picha, mkono unajua. Haya. Mwaka 2000 madaktari wa Uingereza walichapisha kwenye jarida la Anaesthesia jaribio moja zuri kwa urahisi wake. Waliwaambia wataalamu wa usingizi waweke alama kwenye upenyo fulani wa mgongo wa mgonjwa na waseme ni upenyo wa ngapi, kisha wakaangalia kwa picha za MRI. Walipatia asilimia 29. Mara nyingi alama ilikuwa juu kuliko walivyodhani, nyingine mpaka pingili nne juu, na unene uliongeza kukosea. Juu ni kubaya, maana uti wenyewe wa neva kwa watu wengi unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ndio salama. Hao walikuwa wataalamu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Mwanafunzi wangu akipata 29 namwambia arudie, simwambii mkono wake unajua.

Ushahidi wa upande wa mashine nao upo, tena wa zamani. Wajerumani wa Heidelberg walikuwa wanaijaribu kwa akina mama wa leba mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaona majaribio ya kuchoma yanapungua, hata kwa migongo iliyotarajiwa kuwa migumu. Januari 2008 taasisi ya Uingereza inayoitwa NICE ikatoa mwongozo kwamba ushahidi bado ni mchache, lakini unaonyesha kuwa njia ni salama na inaweza kusaidia. 2009 kule Toronto wakapima wajawazito 46, wote wanene, na kina kilichosomwa na mashine kikafuatana vizuri na kina ambacho sindano ilikifikia kweli. Zaidi ya saba katika kila kumi hawakuhitaji kuchomwa sehemu ya pili. Na 2013 jarida la BMJ likakusanya majaribio 14 ya sindano za mgongoni kwa pamoja, epidurali na zile za kuchukua maji. Bila mashine, sindano zilizoshindikana kabisa zilikuwa 44 katika 610. Na mashine, 6 katika 624. Someni tena hizo namba taratibu.

Nisiwe mwongo kama mgombea wa DARUSO. Mashine sio muujiza. Kwa wanawake ambao mgongo wao unashikika vizuri, jaribio jingine la Toronto la 2015 lilikuta haiongezi urahisi wowote wa maana. Mafuta yenyewe yanafifisha picha, na ukikandamiza kichwa cha mashine unabana nyama, kina kinasomeka pungufu kidogo. Na semina ya siku moja haimtoi mtu fundi, lazima upime migongo mingi kabla macho hayajazoea. Nakubali yote hayo. Lakini angalieni yanaelekea wapi: faida ni ndogo kwa mwembamba na kubwa kwa mnene. Yaani mtu yule yule mnayemcheka ndiye aliyekuwa anaihitaji, na ndiye asiyepewa.

Jibu lake la pili lilikuwa zito zaidi na nilikaa nalo siku mbili. Alisema: "Dada, unaongelea anasa. Epidurali yenyewe Tanzania iko wapi? Hospitali nyingi za serikali mama wa leba hapewi hata panado, wewe unataka altrasaundi ya mgongo."

Ni kweli. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari wa usingizi 5 kwa kila watu 100,000. Sisi hatufiki hata 1. Kazi kubwa inabebwa na wauguzi na maafisa waliosomea usingizi, na wengi wao wanafanya maajabu usiku peke yao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema wazi kwamba mjamzito mwenye afya anayeomba nafuu ya maumivu apewe epidurali, lakini kusema ni Geneva na kutenda ni Tandahimba. Sawa. Nimekubali.

Ila kuna kitu amekiruka. Upasuaji wa kujifungua tunao, kila wilaya, kila usiku. Na upasuaji huo kwa sehemu kubwa unafanywa kwa sindano ya mgongo, ile ya mara moja. Inapita njia ile ile! Pingili zile zile, upenyo ule ule, mafuta yale yale. Anayejua kuitafuta kwa mwangwi ameshajua na hii. Na sindano hiyo ikishindikana kwa mama mnene kinachofuata ni nusu kaputi, ambayo kwa mjamzito mnene ndio yenye hatari: njia ya hewa ni ngumu kuweka mpira, hewa ya akiba mwilini inaisha haraka, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Wakubwa wa fani wanashauri kwa sababu hiyo hiyo kwamba mama mnene awekewe mrija mapema, ili ikitokea dharura dawa iongezwe humo humo asilazwe usingizi. Dada yangu alipitia sentensi hiyo nzima kwa vitendo. Hapo anasa iko wapi? Hapo ni kuvuka salama au kutovuka.

Na hawa akina mama sio wawili watatu. Kwenye utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 22. Uliofuata wa 2015-16, asilimia 28. Zaidi ya robo! Nendeni kwenye daladala ya Mbagala mkahesabu siti. Mashine nazo zimesambaa, hospitali za wilaya nyingi zinayo, na sasa kuna za mkononi zinazochomekwa kwenye simu. Tunazitumia kuhesabu mapacha na kumwambia baba kama ni dume, na ikifika mgongoni tunarudi kwenye vidole.

"Wapungue kwanza" sitaijibu sana. Mtu akiwa na uchungu wa sentimita 5 hawezi kupungua kilo 40 kabla ya asubuhi, na ujauzito sio wakati wa kujinyima. Niseme tu kwamba tunachekesha. Kwenye kitchen party ile ile tunamsifia bibi harusi amejaaliwa, amenawiri, mume ana riziki; akirudi kwenu miezi tisa baadaye mnamwita bonge. Chagueni moja.

Na nyie roommates zangu wawili mliosema sindano ya mgongo inalemaza, nawapenda lakini mnatisha watu. Uingereza walifanya ukaguzi wa nchi nzima, wakatoa ripoti 2009: madhara ya kudumu kwa akina mama wa uzazi waliochomwa sindano hizi yalikuwa chini ya watu 2 katika kila 100,000. Kuumwa kichwa kupo, hiyo ni kama mmoja katika mia wanaotobolewa utando kwa bahati mbaya. Kinachoongeza balaa ni kuchomwa mara nyingi, kwa hiyo hofu yenu yenyewe ni sababu ya kudai mashine. Wa "mwanamke lazima asikie uchungu, imeandikwa", Malkia Victoria alivuta klorofomu mwaka 1853 akizaa, na alikuwa mkuu wa kanisa lake. Tuendelee.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa, kwa hiyo naliona jambo hili kwa macho ya darasani. Kwenye mbinu za kufundishia tunaambiwa kila wiki: mwanafunzi asipoelewa, kabla hujamwita mzito, kagua zana zako. Nilipokuwa TP kule shuleni nilikuwa na darasa la watoto 94 na mmoja wa nyuma alikuwa anafeli kila zoezi. Nilishamwandika "hana juhudi" kwenye daftari langu. Siku moja nikasogea kwake nikakuta haoni ubao. Haoni! Muhula mzima nilikuwa namwandikia kosa la macho yake kama kosa la tabia, na kiti cha mbele kilikuwepo. Naona haya mpaka leo kulisema, lakini ndio maana sentensi ya "mgongo haukupatikana kwa sababu ya unene" inanichoma. Naijua ilivyoandikwa. Ni sentensi ya mtu aliyechoka saa nane usiku, ambaye hakufundishwa njia nyingine, na anayehitaji sababu isiyokuwa yeye.

Kwa hiyo wewe jamaa wa kimbwetani, na wenzako wa udaktari mnaopitaga hapa kusoma stori zangu: sijawagombeza kwa kushindwa kumchoma mtu. Nawagombeza kwa kucheka. Mko mwaka wa nne, mna miaka ya kujifunza bado, na mnapita wodi za wazazi ambako mashine hiyo inalala mchana. Pimaneni migongo nyie kwa nyie. Mkianza na yule mwembamba wenu mtamaliza kwa mimi, najitolea, jeli ninunue mwenyewe. Waulizeni walimu wenu kwanini haimo kwenye mazoezi. Na mkifika kazini, mama wa kilo 121 akija kliniki wiki ya 32, msingojee aje usiku wa leba ndio mkutane na mgongo wake kwa mara ya kwanza. Aonane na mtu wa usingizi mchana, mgongo upimwe, kina kiandikwe kwenye kadi yake pale pale juu ya presha na wingi wa damu. Namba moja tu. Ina gharama gani namba moja?

Sasa niwaambie kwanini nimeandika leo na sio mwezi ujao. Dada ana mimba ya pili. Wiki ya 34. Ameshafanyiwa upasuaji mara moja, kwa hiyo ajifungue kawaida au apasuliwe tena, kuna sindano ya mgongo mahali fulani mbele yake, na safari hii ni hospitali nyingine, ya rufaa. Jumatatu usiku nilimpigia kumsalimia tu. Tukaongea habari za mtoto, bei ya mchele, shemeji kubadilishiwa kituo cha kazi. Alipotaka kukata simu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza muda: "Hivi mdogo wangu, safari hii watauona?"

Nikajua anasema mgongo. Nikamwambia watauona.

Kisha nikakaa kitandani nikawaza nimeahidi kwa mamlaka ya nani. Basi asubuhi nilipiga simu kliniki anakohudhuria, nikapitishwa kwa watu wanne, wa nne akawa mama mmoja wa idara ya usingizi, mpole, hakucheka. Akasema wanayo mashine theatre, kuna daktari wao mmoja anajua kuitumia mgongoni, hayupo kila siku, tumlete Ijumaa saa mbili asubuhi aangaliwe na ichorwe kwenye faili. Simu ya dakika sita. Miaka mitatu iliyopita hakuna aliyetuambia kwamba simu hiyo inapigika.

Ijumaa basi sitakuwepo kwenye kipindi cha Saikolojia ya Elimu. Mwenye roho nzuri anisainie, na mwenye mwandiko unaosomeka anitunzie notisi. Nikirudi nitawaambia ni sentimita ngapi.